Kiti cha Kalunguyeye

Wiki iliyopita tulimwacha Clifford Tonks na chipsi mdomoni, ukumbi mzima unamtazama, na kidole cha Bi Rhona Maddox kimemlenga katikati ya paji la uso. Tumwache kwanza aimeze hiyo chipsi.

Aliimeza bila kutafuna. Ilikuwa ya moto, imelowa siki, ikamteremka kooni kama adhabu.

"Ndiye huyu," Rhona akarudia kutoka juu ya kiti alichopanda. "Kalunguyeye mwenyewe. Mpiga ngoma wa kwanza wa Mbwa wa Shaba. Yuko hapa anakula."

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, mambo yalikuwa hivi. Ilikuwa Jumamosi ya Februari katika kambi ya mapumziko ya Saltmere, kwenye ule ufukwe wa mashariki ya Uingereza ambako upepo haukuombi ruhusa kuingia ndani ya koti. Kiangazi kambi ile hujaa watoto na ndoo za mchanga. Majira ya baridi huwaachia wapenzi wa muziki wa roki kwa siku tatu: wazee wenye mashati meusi ya ziara za zamani, majaketi ya ngozi yasiyofunga tena tumboni, na magoti ya bandia waliyowekewa hospitalini.

Wote walikuwa wamekuja kuwaona Mbwa wa Shaba. Ndipo mpiga ngoma wa kundi hilo alipotoka nje kuvuta sigara, akateleza kwenye barafu nyuma ya jiko, akavunjika mkono. Mtangazaji alikuwa katikati ya kuomba radhi, anasema onyesho halipo, wakati Rhona alipopanda kiti.

Na Kalunguyeye ni nani? Hilo ndilo swali lililokuwa likiwanyima mashabiki usingizi miaka arobaini na kitu. Kundi lilipoanza lilikuwa na mpiga ngoma aliyejulikana kwa jina hilo la utani tu. Picha yake ni moja, nayo haina uso: matoazi mawili mbele, na nyuma yake nywele zilizosimama kama miiba ya kalunguyeye. Aliondoka kabla kundi halijapata umaarufu, na hakuonekana tena.

Clifford hakuwa Kalunguyeye. Alikuwa fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto huko Dudley, mtu wa haya, mwenye upara uliokamilika. Lakini Ijumaa, alipokuwa amepanga mstari wa bia, mwanamke mwenye nywele fupi za fedha na kicheko kizuri alimwuliza amejuaje habari zote hizi za Mbwa wa Shaba. Ulimi hauna mfupa. Clifford alijisikia akijibu kwamba zamani, kabla mgongo haujamharibikia, alikaa nyuma ya ngoma zile mwenyewe.

Mwanamke huyo ndiye Rhona. Alimtazama kwa muda, akatabasamu, akasema kumbe.

Sasa ukumbi ulianza kuliita lile jina polepole, silabi kwa silabi, na bakora zikagonga sakafu kufuata mapigo. Ka. Lu. Ngu. Ye. Ye.

Mezani pamoja na Clifford alikaa dada yake mkubwa, Beryl, aliyekuja Saltmere kwa ajili ya bwawa la maji moto na mchezo wa bingo, si kwa makelele. Aliweka kikombe chake cha chai chini taratibu.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe hata hodi hujui kubisha kwa mapigo."

"Najua, dada."

"Basi nenda kawaambie."

Clifford alisimama ili awaambie. Ukumbi ulidhani amekubali. Kelele zilizopanda hapo zilitikisa taa, na kabla hajapata neno, vijana wawili wa kambi waliovaa majaketi mekundu walimshika viwiko kwa adabu, mmoja kulia na mmoja kushoto, wakamsindikiza nyuma ya jukwaa kama bibi harusi anayesitasita.

Huko, kwenye chumba kidogo chenye kioo na birika la chai, alikuwapo mpiga gitaa na kiongozi wa kundi, Denzil Crouch. Jaketi lake la ngozi ya nyoka lilijulikana dunia nzima. Nywele zake zilikuwa nyeusi kuliko umri wake.

Clifford aliapa moyoni kwamba atasema kweli mara tu mlango utakapofungwa. Ulifungwa. Akafungua kinywa.

"Kalunguyeye," Denzil akasema, na mikono ikafunguka. "Ndugu yangu. Hujabadilika hata kidogo."

Clifford alijipapasa upara. Mtu yule alikuwa hajawahi kumwona maishani mwake, naye alikuwa anamkumbatia, anampigapiga mgongoni, anamwambia jinsi alivyomkumbuka. Akamwuliza kama anaukumbuka usiku ule gari la kundi liliposhika moto mjini Hull.

Hapo Clifford akapigwa na butwaa ya pili. Historia ya Mbwa wa Shaba aliijua kuliko anavyojua namba ya nyumba yake. Gari halikuwahi kushika moto. Lilizama, tena si Hull, ni Grimsby, limeegeshwa ufukweni, bahari ikajaa wao wamelala. Kila shabiki anajua.

Kwa hiyo akatega mtego mdogo. Akauliza hali ya yule mbwa wa mama yake Denzil, yule mwenye jicho moja, aliyekuwa akimuuma kila alipofika kwao.

Denzil alihuzunika. Alisema mbwa yule alifariki, walimlilia sana.

Mbwa hakuwahi kuwapo. Clifford alikuwa amemtunga muda ule ule.

Wakatazamana. Birika likachemka, likajizima. Denzil alikuwa wa kwanza kuvunjika. Alijitupa kwenye kochi na kujifunika uso kwa viganja vyenye pete za mafuvu. Alimsihi Clifford asimuumbue. Yeye si Denzil. Denzil halisi alichoshwa na muziki, akahamia Ureno kufuga nyuki, akamwachia mdogo wake gitaa, jaketi na jina. Mdogo mtu ndiye huyu, jina lake Alvin. Wanafanana sura, na mashabiki wengi macho yao si ya zamani. Miaka yote hii alikuwa na hofu moja tu, kwamba siku moja atatokea Kalunguyeye, mtu aliyekula na kulala na kaka yake ndani ya gari moja, amtazame usoni na kusema huyu siye.

"Na leo umetokea," akamaliza. "Sema unachotaka. Nitakifanya."

Mtu mjanja angenyamaza hapo akavuna. Clifford hakuwa mjanja. Uongo wake wa kwanza mkubwa maishani ulikuwa wa jana tu, na tayari ulikuwa umemchosha kama mzigo wa mabomba.

"Kaka," akasema, "hata mimi siye."

Ilimchukua Alvin muda kuelewa. Alipoelewa alianza kucheka, na Clifford naye akacheka, wakacheka mpaka wakashikana mabega, mpaka machozi yakachora njia kwenye wanja wa Alvin. Kisha Alvin akakumbuka jambo.

"Sasa nani atapiga ngoma?"

Nje bakora ziliendelea kugonga.

Alvin alikuwa mtu wa kutokata tamaa upesi. Alieleza kwamba nyimbo nyingi za roki ni mapigo mawili mazito na moja jepesi, mtoto anaweza; Clifford akae tu, aguseguse kwa upole, yeye na mwenzake wa besi watapandisha sauti mpaka hata radi isisikike. Clifford alikiri kwamba usukani wa gari lake la kazi ameupiga kila siku, nyimbo zote, mwanzo hadi mwisho. Alvin akafurahi, akampa vijiti na mto wa kochi ajaribu.

Alijaribu. Mikono haikuwa mibaya sana. Lakini Alvin alipomwambia sasa aongeze miguu, wa kulia hivi na wa kushoto vile, Clifford alisimama wima kama aliyeambiwa apige chafya na kumeza kwa wakati mmoja. Kwenye usukani miguu ilikuwa na kazi zake nyingine.

Aliomba aende msalani. Alvin alimruhusu. Clifford akakipita choo bila kukitazama, akaifuata korido nyembamba iliyonuka mafuta ya samaki, kuelekea mlango wa jiko, na nje yake barafu, na ng'ambo ya barafu kituo cha basi.

Mlangoni alisimama Rhona Maddox, mikono imekunjwa kifuani.

"Unakwenda wapi, Bwana Kalunguyeye?"

Clifford alimwambia. Hakubakiza kitu. Alisema kwamba alidanganya, hajawahi kukaa nyuma ya ngoma yoyote, yeye ni fundi, na heri aone aibu mbele yake kuliko mbele ya ukumbi wote.

Rhona alisikiliza, wala hakushangaa.

"Wewe ni wa nne," akasema. "Wa kwanza alinidanganya kwenye treni. Huyo angalau alikuwa na nywele."

"Wa nne kufanya nini?"

"Kuniambia kwamba yeye ni mimi."

Mpishi mmoja alipita na sinia la samaki wa kukaanga, akawaomba wapishe. Wakapisha. Clifford alikuwa bado anaipindua ile sentensi kichwani, akitafuta upande wake wa kulia.

Rhona akamsaidia. Alikuwa na miaka kumi na saba. Nywele alizisimamisha kwa maji ya sukari, na wavulana wakampa jina. Walipiga muziki katika kila ukumbi mchafu kutoka Leeds hadi pwani. Kisha wakaitwa na watu wa kampuni ya kurekodi, na mmoja wao akasema kundi zuri, ila msichana nyuma ya ngoma hatauza. Rhona alingoja wenzake waseme neno. Wavulana wakatazama viatu vyao. Walipofika kituo cha mafuta karibu na Derby aliteremka na begi lake, akapanda basi la kurudi kwao. Baadaye, kila alipowasimulia watu, walicheka. Akaacha kusimulia.

"Leo nilitaka nikuone umekaa pale na vijiti mkononi," akasema, "hujui uvipeleke wapi. Nilitaka mmoja wenu aonje."

Clifford alivitazama vile vijiti, ambavyo alikuwa amevisahau mkononi. Akamnyooshea.

Rhona hakuvipokea. Na hapo ndipo Clifford alipoona kwamba mwanamke huyu aliyepanda kiti mbele ya ukumbi mzima alikuwa na woga kuliko yeye. Alisema amepiga ngoma kwenye meza, kwenye sufuria, kwenye magoti yake. Ngoma zenyewe hajazigusa tangu Derby. Vidole vina baridi yabisi. Kila mwaka huja Saltmere, husimama nyuma kabisa karibu na makoti, huwasikiliza wanaume wakikosea mapigo yake, kisha hurudi nyumbani.

Clifford hakuwa hodari wa maneno. Alimshika mkono tu, akamrudisha alikotoka yeye, hadi kwenye kile chumba cha birika.

Alvin aliinua uso. Rhona alisimama mlangoni, akamkagua kuanzia nywele hadi viatu.

"Alvin," akasema. "Mbona umevaa jaketi la kaka yako?"

Alvin aligeuka rangi ya maziwa. Ilichukua muda Clifford kumweleza mwanamke huyu ni nani hasa, na muda huo wote Alvin alikuwa anatafuta pa kuketi. Rhona alimkumbuka vizuri sana. Alikuwa mtoto anayefichwa katikati ya maboksi ndani ya gari, analilia biskuti, na wengine wakilala anachukua gitaa la kaka yake na kulipiga chini ya blanketi. Yeye, kutoka mafichoni, aliona nywele za miiba tu, akadhani ni mvulana kama wengine.

"Utawaambia?" Alvin akauliza.

"Niwaambie nini? Ulikuwa unapiga vizuri kuliko yeye. Nilikuwa nakusikia."

Alvin akalia, safari hii bila kucheka. Wanja wake ukaharibika kabisa.

Lakini kukubali kupanda jukwaani, Rhona alikataa. Alisema watu watacheka, kama walivyocheka siku zote, na safari hii watacheka wote kwa pamoja. Alvin alisihi. Rhona alitikisa kichwa. Huko nje kelele zilikuwa zimeanza kugeuka. Bakora zilikuwa zinagonga kwa haraka, kwa hasira.

Clifford aliweka vijiti mezani karibu na mkono wa Rhona. Kisha akatoka, akapanda ngazi za jukwaa peke yake.

Mwanga ulimpiga machoni. Ukumbi ukalipuka, kisha ukamngoja. Alikwenda kwenye kipaza sauti, akakigusa, kikapiga mluzi.

"Mimi naitwa Clifford Tonks," akasema. "Natengeneza mitambo ya joto, Dudley. Mimi si Kalunguyeye. Nilisema uongo."

Kikombe cha plastiki kikaja kutoka gizani, kimejaa bia, kikampata begani. Kingine kilifuata. Clifford alijipangusa akaendelea kusimama pale pale. Alisema Kalunguyeye yupo lakini, yuko nyuma ya pazia lile. Ni mwanamke. Alikuwa mwanamke tangu mwanzo.

Kicheko kilianzia mbele kikasambaa hadi milangoni. Mzee mmoja mwenye ndevu zilizosukwa alimwuliza kwa sauti kama mwanamke mwenyewe ni dada yake.

Beryl alisimama mezani kwake.

"Dada yake ni mimi," akasema. "Mimi nimekuja kucheza bingo. Na huyu mdogo wangu hajui kudanganya vizuri, mtu yeyote anaweza kuona. Sasa hivi anasema kweli. Kaeni kimya."

Beryl alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume kabla ya kustaafu. Walikaa kimya.

Katika kimya hicho pazia lilifunguka. Rhona alitoka na vijiti mkononi, bila kumtazama mtu. Alikwenda nyuma ya ngoma, akakiteremsha kiti, akavua viatu, akaviweka pembeni sambamba kama anayeingia kulala. Akakanyaga ngoma kubwa ya mguu mara moja kwa soksi, kuisikia. Clifford alitaka kushuka jukwaani.

"Baki hapo," Rhona akamwambia kwa sauti ndogo. "Mtu mmoja abaki karibu."

Clifford akabaki.

Kijiti cha kwanza kilikosea. Kiligonga ukingo, kikatoa sauti ya sufuria, na mtu mmoja gizani akaguna. Rhona alifumba macho. Akaanza tena.

Wenye kumbukumbu ya kanda ile ya kwanza kabisa, ile iliyorekodiwa jikoni kwa mtu na kunakiliwa mkono kwa mkono, waliyatambua mapigo kabla ya akili kuwaambia. Mwanzo wa "Mvua ya Misumari." Wapiga ngoma kumi wamejaribu mwanzo ule tangu wakati huo, na wote wanauharakisha, maana kuuchelewesha ni hatari, kama kutembea ukingoni mwa paa. Rhona aliuchelewesha. Aliuachia nafasi mpaka watu wakashika pumzi, ndipo akaudondosha.

Mzee wa ndevu za kusuka alivua kofia.

Alvin aliingia na gitaa, wanja umemtapakaa hadi mashavuni, na akapiga, kwa mara ya kwanza maishani, bila kumwiga kaka yake. Mwenzake wa besi akawafuata. Ukumbi mzima uliinuka, wenye magoti ya kuwekewa na wasio nayo. Hata Beryl alionekana akitikisa kichwa, ingawa baadaye alidai ni shingo.

Na Clifford? Alisimama hatua chache kutoka kwenye matoazi, shati limelowa bia, hana kazi yoyote pale, na hajawahi kuwa na furaha ya namna ile.

Wimbo ulipoisha kelele hazikukoma mpaka Rhona alipoinua mkono. Alikuwa anahema, mashavu mekundu, nywele fupi zimesimama kwa jasho. Alikivuta kipaza sauti kilichokuwa karibu yake.

"Huyu bwana alinidanganya Ijumaa," akauambia ukumbi. Kisha akamgeukia. "Bwana Clifford, nakudai neno moja la kweli. Liseme hapa, wote wasikie. Ulinidanganya kwa nini?"

Akamgeuzia kipaza sauti. Clifford alikiangalia. Angeweza kusema bia. Wote wangecheka, na mambo yangeishia hapo.

"Ulikuwa umeshachukua kinywaji chako," akasema. "Ulikuwa unageuka uende. Mimi nilitaka usiende. Na bado nataka."

Lo, ukumbi ule. Wanaume waliochorwa mafuvu mikononi walishika vifua vyao. Mwanamke mmoja akapenga kamasi. Beryl alifunika macho kwa kiganja.

Rhona alikisukuma kipaza sauti mbali, taratibu, kwa ncha ya kijiti. Tabasamu lake lilikuwa la huruma, na huruma haikuwa kitu ambacho Clifford alikuwa anakitafuta. Alimwashiria ainame. Clifford aliinama.

"Umesema vizuri," akamnong'oneza. "Pole sana. Mimi ni mke wa mtu."

Kisha akatazama juu ya bega lake, kuelekea nyuma ya ukumbi kule kwenye makoti, ambako watu walikuwa wameanza kupisha njia, kwanza mmoja mmoja, halafu safu nzima.

"Na mtu mwenyewe ni yule anayekuja."

Clifford aligeuka. Aliyekuwa anakuja alikuwa mwanamume mpana kama mlango wa ghala, anatembea bila haraka, hamsukumi mtu. Alipofika chini ya jukwaa alivua miwani yake, akaikunja vizuri, akampa mzee wa ndevu za kusuka amshikie.